Kichwa kimeingia lakini chaji haiendi: gari la umeme kwenye chaja ya kampuni nyingine

"Fundi, kichwa kimeingia mpaka mwisho, kimelia kacha, taa ya chaja ni ya kijani, lakini gari limenyamaza kama limenuna."

Simu za namna hii zimekuwa nyingi tangu mwenye nyumba moja ya wageni, njia ya kwenda Nzega, alipokubali kampuni inayouza magari ya Kichina ifunge uwanjani kwake chaja ya haraka ya kilowati 30, ya DC, yaani umeme wa mkondo mmoja kama wa betri. Chaja ililetwa kwa ajili ya magari ya kampuni hiyo. Lakini hapa Tabora gari la umeme ni lolote lililoshuka melini Dar es Salaam: Nissan Leaf kutoka Japani, Volkswagen ID.4 kutoka China, na mara moja Tesla ya Uingereza iliyokuwa ikipita kwenda Kigoma. Wote wanafika pale, wanakuta kebo mbili zinaning'inia, na kila mtu anajaribu bahati yake.

Mimi nilianza na starta na altaneta za malori. Haya ya chaji ya haraka nimeyajua kwa kuchomwa jua uwanjani pale, testa mkononi. Nilichojifunza kwanza ni kwamba kuingia si kukubaliana. Mtu akikuamkia kwa Kinyamwezi "mwangaluka" na wewe ukajibu "marahaba", mmesemezana, ila hamjasalimiana. Gari na chaja ni hivyo hivyo. Kabla umeme mkubwa haujapita hata kidogo, vinaulizana: wewe nani, betri yako ina volti ngapi, unaweza kupokea ampea ngapi, umefungwa vizuri? Jibu moja likikosekana, chaja haimwagi kitu. Kwa hiyo swali la kujiuliza si "kwa nini halichaji" bali "mazungumzo yamekatikia wapi".

Kichwa hakiingii, au kinaingia nusu

Hapa ndipo watu wanapolazimisha, na ndipo pini zinapovunjika. Angalia tundu la gari, si jina la gari. ID.4 iliyotengenezwa kwa soko la Ujerumani ina tundu la aina iitwayo CCS2, ya Marekani ina CCS1, na ya China, ambayo ndiyo inayofika huku kwa bei ya kuvutia, ina GB/T. Nembo ni moja, matundu ni matatu. Tesla nayo vilevile: ya Ulaya ni CCS2, ya China ni GB/T, ya Marekani ina tundu lake dogo linaloitwa NACS. Nissan Ariya ya Japani ina CHAdeMO, ile ya Ulaya ina CCS2.

Ukifungua kifuniko cha pua ya Leaf unakuta matundu mawili. La duara kubwa ni CHAdeMO, la chaji ya haraka. Dogo la pini tano ni Type 1, la chaji ya polepole ya nyumbani. Gari la China lina GB/T kubwa ya DC yenye nafasi tisa, na GB/T ndogo ya AC, umeme wa nyumbani, yenye saba. CCS2 utaitambua kwa umbo la watu wawili: juu duara lililokatwa kichwani, lile la Type 2 la chaji ya polepole ya Ulaya, chini yake matundu mawili makubwa ya DC.

Sasa mtego. GB/T ndogo ya AC inafanana na Type 2 kama pacha, nayo pia ina nafasi saba. Lakini jinsia zimegeuzwa: kwa mfumo wa Ulaya pini ziko kwenye gari, kwa mfumo wa China ziko kwenye kichwa cha kebo. Bwana mmoja wa asali alisukuma kebo ya Type 2 kwenye gari lake la Kichina kwa dakika ishirini, akinihakikishia kwamba "limekaza tu kwa sababu ni jipya". Halikukaza. Yalikuwa matundu mawili yanatazamana.

Kama bado hujanunua gari, muuzaji akutumie picha ya tundu, kifuniko kikiwa wazi. Akikutumia picha ya viti, mrudie.

Adapta: mkalimani aliye macho na mkalimani aliyelala

Swali linalofuata kila mara ni "si kuna adapta?" Zipo. Ila jua unanunua nini.

CCS huzungumza kwa mawimbi ya data yanayopanda juu ya waya mwembamba wa ishara ulio ndani ya kebo. CHAdeMO na GB/T hutumia CAN, lugha ile ile ambayo kompyuta za gari hutumia kuongea zenyewe kwa zenyewe, na hata hizo mbili zina lafudhi tofauti. Kwa hiyo adapta ya kutoka CCS2 kwenda CHAdeMO haiwezi kuwa shaba na plastiki tu. Ndani yake kuna kompyuta ndogo inayoidanganya chaja kwamba ni gari, na kulidanganya gari kwamba ni chaja. Kompyuta hiyo inahitaji umeme wake, na adapta nyingi za aina hii zina betri ndogo ya ndani inayochajiwa kama simu. Betri hiyo ikiisha, dalili yake ni hii: kichwa kimekaa, chaja inasema "inaunganisha", kisha inakata tamaa. Mwenye gari anaanza kuilaumu Leaf, kumbe mkalimani kalala.

Adapta ikiwaka taa lakini chaja inarudi mwanzo kila mara, tatizo huwa ni programu ya adapta. Chaja za kampuni tofauti zina vijitabia vyake, na watengenezaji hutoa programu mpya ya kupakia kwa flashi. Iliyokubaliwa na chaja ya Dar inaweza kukataliwa na ya Dodoma. Usiitupe kabla hujaisasisha.

Wapo pia walioona video za Marekani, mtu anachomeka adapta nyepesi ya kiganjani kwenye chaja ya Tesla na Ford yake inachaji papo hapo. Ni kweli kabisa, Ford waliruhusiwa kwenye mtandao ule mwaka 2024. Lakini adapta ile ni nyepesi kwa sababu chaja mpya za Tesla kule zinajua kuongea lugha ya CCS. Kinachobadilishwa ni umbo, si lugha. Ndiyo maana hata kule chaja za Tesla za kizazi cha pili hazilihudumii gari la kampuni nyingine. Ukiinunua ile ukaileta Tabora utakuwa na pambo la sebuleni.

Na hili nalisema kwa ukali: usipitishe DC kwenye adapta ya AC, hata kama inaingia. Adapta ya AC imetengenezwa kwa ampea 16 au 32. Chaja ya haraka inaweza kumwaga ampea mia na zaidi, kwa volti zinazoua. Adapta ya DC isiyo na maandishi ya volti na ampea mwilini mwake, mimi siishiki. Na ukiona mtu ameondoa kifungio cha kichwa "ili kiingie vizuri", sogea mbali. Kifungio ndicho kinachozuia kebo isichomolewe mkondo ukiwa unapita, na DC ikichomolewa hivyo inawaka cheche kama mashine ya kuchomelea.

Kimeingia vizuri, lakini kimya

Tuseme tundu ni lenyewe, hakuna adapta, na bado hakuna kitu. Ninaanza na betri ndogo ya volti 12. Watu hucheka: betri kubwa ina kilowati-saa 40, ya nini kuhangaika na kile kidude? Kwa sababu kidude kile ndicho kinachoamsha kompyuta na kufunga swichi kubwa za betri, zile zinazolia *tak, tak* chini ya gari. Kikichoka, gari halina mdomo wa kumjibu mgeni. Gari likiwa limezimwa na kupumzika, nikipima volti 12.5 hivi nina amani. Chini ya 12 nimeshapata mgonjwa wangu. Leaf ya mwalimu ninayemtengenezea ilikuwa inachaji nyumbani siku moja na kukataa siku ya pili kwa miezi, na watu watatu walishamwambia betri kubwa imekufa. Tulibadilisha betri ndogo, bei ya kawaida ya dukani, na anaendesha hadi leo.

Pili, zima gari, weka P. Baadhi ya magari hayasikilizi chaja yakiwa tayari kuondoka, na watu hupenda kukaa ndani na kiyoyozi.

Tatu ni ruhusa. Chaja ya mtandao wa kampuni fulani kwanza inataka kujua nani atalipa. Gari la kampuni ile lenyewe wakati mwingine hutambuliwa likichomekwa tu, mwenyewe anaenda kunywa chai. Lako halijulikani, kwa hiyo lazima uanze kwa programu ya simu au kadi. Soma skrini. Ikisema inasubiri uthibitisho, gari lako ni zima na kebo ni nzima, fedha ndiyo inasubiriwa. Pale kwenye nyumba ya wageni mtandao wa simu ukiyumba chaja haipati jibu la malipo, na mteja ananipigia mimi. Angalia pia umechagua kebo gani kwenye skrini. Chaja ya kebo mbili haijui umeshika ipi mpaka uiambie.

Skrini ya gari ikiandika Kichina au Kijapani, ielekeze kamera ya simu yenye kutafsiri. Nimeokoa safari ya kwenda Urambo kwa njia hiyo: ujumbe uliomtisha mtu ulikuwa unasema kifuniko hakijafungwa.

Inaanza, halafu inakata

Hii ndiyo tamu, kwa sababu muda inaokata unakuambia sababu.

Ikikata kabla namba za kilowati hazijapanda, sekunde chache tu baada ya kuanza, mara nyingi ni kipimo cha uvujaji. Chaja hupandisha volti kwenye kebo na kupima kama umeme unatorokea kwenye bodi. Mvua zikianza, Novemba, unyevu unaingia kwenye tundu na chaja inakataa, na ina haki. Kiangazi ni vumbi letu jekundu. Kausha, puliza, safisha kwa kitambaa kisicho na nyuzi, chaja ikiwa imezimwa. Usimwagie mafuta ya kulainishia wala maji ya sabuni. Ikikataa baada ya kukauka kabisa, na gari jingine likakubaliwa kwa kebo ile ile, basi uvujaji uko ndani ya gari na hapo si pa kujaribu mwenyewe.

Ikikata wakati swichi za gari zilikuwa zinataka kufunga, kunakuwa na mlio mmoja wa *tak* na kimya. Chaja inatakiwa kwanza ifikishe volti zake karibu sawa na za betri, ndipo swichi zifunge. Chaja isiyoelewana vizuri na gari la kampuni nyingine hukosea hapa. Jaribu mara mbili, si kumi. Swichi zile zikifunga vibaya mara nyingi huungua midomo.

Ikikata baada ya dakika tano, kumi, ishirini, bila mpangilio, geuka utazame ukutani badala ya gari. Chaja ya kilowati 30 inataka fezi tatu na inavuta zaidi ya ampea 40 kwa kila fezi. Saa moja jioni, mtaa mzima unapika na kutazama taarifa ya habari, umeme unakuwa mdogo, chaja inajilinda na kukata. Gari hilo hilo saa kumi na moja alfajiri linachaji bila neno. Siku nzima moja nilishinda nikifungua chaja, nikapima hiki na kile, hadi mlinzi akaniuliza kwa upole, "Fundi, LUKU umeangalia?" Uniti zilikuwa sifuri. Kutoka asilimia 20 hadi 80 kwenye betri ya kilowati-saa 40 ni uniti 24 bila kuhesabu zinazopotea kama joto. Magari mawili yakipita usiku, mita iliyokuwa na uniti hamsini imekwisha.

Inachaji, lakini inasuasua

Kabla ya yote, hesabu. Chaja ya kilowati 30 haitakupa 50, hata kama gari limeandikwa 50 kwenye kitabu. Hizo uniti 24 zitachukua kama dakika 50, mambo yakienda sawa. Baada ya asilimia 80 gari lenyewe hupunguza mkondo, na hakuna fundi wa kulibembeleza. Ukisubiri ifike 100 kwenye chaja ya umma wakati kuna mtu nyuma yako, unamkalia mwenzako.

Kwa Leaf sababu kubwa ni joto. Betri ya vizazi vyake viwili vya kwanza haipozwi kwa maji wala kwa feni, inategemea hewa inayopita. Ukitoka Nzega mwezi Oktoba saa nane mchana, kilomita 115 za lami inayowaka, ukafika na kuchomeka hapo hapo, geji ya joto iko juu na gari linakataa kunywa kwa kasi. Mwenye chaja hana kosa. Egesha chini ya mwembe, na kwa miembe Tabora hatujapungukiwa, kula ugali, rudi baada ya saa mbili. Chaji ya pili ya haraka ndani ya siku moja itakuwa polepole kuliko ya kwanza, ipange hivyo kwenye safari.

Hapo niongeze tahadhari ya umbali. Leaf ya kwanza ya kilowati-saa 24, ilipokuwa mpya kabisa, ilipimwa Marekani kwenda kilomita 117. Yako ina miaka kumi na kitu na imepoteza vijiti kadhaa kati ya vile kumi na viwili vya afya ya betri. Nzega kwa chaji moja usiiwazie.

Kama gari ni baridi, betri ndogo ni nzima, na bado kasi inashuka mapema kwenye asilimia 50 au 60, nashuku seli moja imechoka. Kwenye Leaf tunachomeka kifaa cha OBD, cha kusoma kompyuta ya gari, na programu ya Leaf Spy, inaonyesha jozi 96 za seli moja moja. Gari likiwa limepumzika, tofauti ya milivolti ishirini au thelathini hainisumbui. Ikipita mia, seli iliyo chini inawavuta wenzake wote.

Magari ya volti 800, kama Hyundai Ioniq 5 na Porsche Taycan, yana kisa chao: chaja yenye kikomo cha volti 500 haiwezi kuyafikia moja kwa moja, inabidi gari lipandishe volti lenyewe, na kasi inapungua. Hapa sijapata mteja wa namna hiyo, kwa hiyo naacha hapo.

Ya haraka inakubali, ya nyumbani inakataa

Hii iliniumiza kichwa kuliko zote. Leaf inachaji kwa CHAdeMO vizuri, nyumbani kwenye soketi haianzi, halafu kila jioni inajianzia yenyewe. Mama mmoja wa Isevya alikuwa ameshaita watu wa kuombea.

Ilikuwa taimu. Mwenye gari kule Japani aliiwekea ichaji kuanzia saa tano usiku kwao. Japani wametutangulia saa sita, kwa hiyo kwa gari hilo saa tano usiku ilikuwa saa kumi na moja jioni yetu. Taimu hiyo haiigusi chaji ya haraka ya Leaf, ndiyo maana kule ilikubali. Lakini kwa nini hakuna aliyeona kwamba saa ya gari haijarekebishwa? Kwa sababu sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Saa ya Kijapani ikiandika 3:00, huku ni saa tatu asubuhi. Ikiandika 7:00, ni saa saba mchana. Saa ile ilikuwa inasema Kiswahili fasaha miezi yote hiyo! Gari la China limetutangulia saa tano tu, kwa hiyo mwenye nalo huona haraka kwamba kuna kitu hakipo sawa.

Ukiwa hapo nyumbani, soma lebo ya kebo ya Kijapani. Ikiandikwa 100V tu, usiichomeke. Soketi zetu ni volti 230. Na soketi iwe na ethi ya kweli iliyozikwa ardhini, maana kebo nyingi zikikosa ethi huwasha taa nyekundu na kususa.

Kebo haitoki

Usivute. Simamisha chaji kwenye skrini au programu, fungua milango ya gari kwa rimoti mara mbili, subiri nusu dakika, sukuma kichwa ndani kidogo kisha kitoe. Magari mengi ya CCS2 yana kamba au kishikio cha dharura cha kufungulia kifungio, mara nyingi upande wa ndani wa tundu au kwenye buti, kitabu cha gari kinasema kilipo.

Ukiona umefika ukingoni na unataka kunipigia, nitumie kwanza picha ya tundu kifuniko kikiwa wazi, picha ya skrini ya chaja na ya gari kosa likiwa limeandikwa, volti za betri ndogo, asilimia ya betri kubwa, na ilikata baada ya muda gani. Niandikie pia ilikuwa saa ngapi. Saa ya simu, tafadhali, si ya gari.